Kebo ya data ya katriji ya ndege: kufunga konekta ya D38999 mpaka data ipite salama

Tatizo ni lile lile. Fundi anafunga kebo ya kusomea katriji ya kumbukumbu ya ndege, anaipima kwa multimeta, kila waya unalia. Anachomeka kompyuta, taa inawaka. Kisha faili linafika limeharibika, au katriji inatoweka kwenye skrini kila kebo inapoguswa.

Mlio wa multimeta unathibitisha jambo moja tu: shaba imegusana na shaba. Hauoni soketi (kipande kidogo cha chuma chenye tundu, kinachopokea pini) ambayo haikujifunga ndani ya konekta. Hauoni jozi iliyotenganishwa. Wala hauoni waya uliobanwa nusu, unaongoja mtikisiko wa kwanza. Mwongozo huu unakazia makosa hayo matatu, kwa sababu ndiyo yanayorudisha kazi nyingi mezani.

Mfano wetu ni kebo ya mita 3 ya meza ya kazi: upande mmoja plagi ya D38999 (konekta ya duara ya kijeshi na ya ndege) inayoingia kwenye kisomaji cha katriji, upande wa pili RJ45 ya Etheneti, plagi ya RS-422 (mawasiliano ya data kwa jozi za waya, biti moja baada ya nyingine) na waya mbili za umeme wa volti 28. Ni kebo ya mafunzo na ya kupimia vifaa vilivyotolewa ndegeni. Kebo inayopanda ndegeni hufungwa kwa kitabu cha ndege hiyo na kusainiwa na mwenye leseni. Katriji yenye data ya siri ya jeshi haiguswi bila idhini ya maandishi ya wenyewe.

## Vifaa: agiza vyote kwa mara moja

Lubumbashi imekaa juu ya shaba, lakini waya wa shaba uliopakwa fedha na kufunikwa teflon hauuzwi dukani mtaani. Kifaa kimoja kikisahaulika utangoja tena lori la mpakani Kasumbalesa au shehena ya uwanja wa ndege wa Luano. Kwa hiyo agiza pamoja na akiba:

- Plagi 1 ya D38999/26WB35SN.
- Soketi 20 za M39029/56-348. Konekta inataka 13. Zilizobaki ni za mazoezi na za makosa.
- Vizibo vyeusi 4 vya matundu ya saizi 22.
- Kebo ya Etheneti ya ndege, jozi 2, omu 100, AWG 24 (AWG ni namba ya unene wa waya; ikipungua, waya ni mnene zaidi), nyuzi nyingi: mita 3.3.
- Jozi 2 zilizosokotwa za AWG 24 kwa RS-422: mita 3.3 kila moja. Ziwe na waya wa tatu wa ardhi ya mawimbi.
- Waya 2 za AWG 22 kwa umeme, nyekundu na nyeusi: mita 3.3 kila moja.
- Wavu wa shaba wa kufunika kebo nzima, kofia ya nyuma ya M85049 ya saizi 11, na bendi 2 za chuma cha pua.
- RJ45 yenye ganda la chuma, ya waya wa nyuzi nyingi. Linganisha unene wa waya wako na tundu lake kabla ya kulipa.
- Mirija inayosinyaa kwa joto, spiriti ya isopropili, kitambaa kisichoacha nyuzi.

Zana: pensi ya kubana M22520/2-01, pozishona yake M22520/2-07 (kipande kinachoshika soketi ndani ya pensi), kipimo cha M22520/3-1, vijiti 5 vya plastiki vya M81969/14-01 (kijani na nyeupe), kimenyio cha waya cha AWG 22 hadi 26, lenzi ya kukuza mara 10, multimeta, na ugavi wa umeme wenye kikomo cha mkondo.

Pensi ya kawaida haiwezi kuchukua nafasi ya M22520. Pensi hii inachapa alama 8 kuzunguka soketi na haifunguki mpaka ifike mwisho wa mbano. Kubonyeza kwa pensi ya umeme wa nyumba kunapinda soketi, na soketi iliyopinda haiingii tundu lake ikafunga. Usilehemu pia. Lehemu hupanda ndani ya nyuzi, waya unakuwa mgumu pale pale unapohitaji kunyumbuka, na hukatika hapo.

## Namba ya konekta isomwe kwanza

D38999/26WB35SN si jina la kukariri. Kila kipande kina kazi:

/26 ni plagi iliyonyooka. Mwenzake wa ukutani ni /20 mwenye bapa la skrubu, au /24 mwenye nati moja.

W ni rangi ya zeituni, yaani kadimiamu juu ya nikeli. Kadimiamu ni sumu: usipige tupa, usisugue kwa msasa, na nawa mikono kabla ya kula. Ukiweza kuchagua kwa kazi ya mezani, chukua F, ambayo ni nikeli.

B ni saizi ya ganda, 11. Herufi zinaanza na A kwa 9 na kuishia J kwa 25, zikiruka I.

35 ni mpangilio wa matundu. Kwenye ganda la 11 maana yake ni matundu 13 ya saizi 22D.

S ni soketi. Upande wenye umeme uwe na soketi daima. Pini zilizo wazi zenye volti 28 zitagusana na kitu cha chuma mezani siku moja.

N ni nafasi ya kawaida ya funguo, yaani meno ya ganda yanayoelekeza konekta mbili ziingiliane. Kuna pia A, B, C, D na E. Konekta mbili zinazofanana kila kitu isipokuwa herufi hii hazitaingiliana, na anayelazimisha huvunja funguo. Soma herufi iliyo kwenye kisomaji kabla ya kuagiza plagi.

Soketi nazo zina lugha yake. Mikanda mitatu ya rangi husomwa kama rangi za rezista: chungwa, njano, kijivu ni 3-4-8, yaani M39029/56-348. Ukiona chungwa, buluu, nyeusi, umeshika 360, ambayo ni pini. Mtu anayetengeneza redio anazijua rangi hizi tayari.

## Hatua ya 1: Chora ramani ya matundu, na uandike unatazama kutoka wapi

Michoro mingi ya konekta inaonyesha uso wa mbele. Wewe unaingiza waya kwa nyuma. Ukisahau hilo, kebo nzima inageuka kama mkono wa kulia kwenye kioo. Tena uso wa soketi ni kinyume cha uso wa pini inayokutana nao, kwa hiyo mchoro wa kisomaji haufai moja kwa moja kwa plagi yako.

Usihesabu kwa vidole. Namba zimechapwa kwenye konekta yenyewe. Tumia lenzi, kisha andika juu ya karatasi kwa herufi kubwa: "PLAGI, NATAZAMA NYUMA".

Ramani ya mfano wetu: 1 na 2 umeme, 4 na 5 Etheneti ya kutuma, 6 na 7 Etheneti ya kupokea, 8 na 9 RS-422 ya kutuma, 10 na 11 RS-422 ya kupokea, 13 ardhi ya mawimbi. Matundu 3 na 12 hayana waya. Kisomaji chako kikiwa na ramani yake, fuata hiyo. Kama unajipangia, hakikisha kwenye mchoro kwamba jozi moja imekaa kwenye matundu jirani, kwani namba zinazofuatana si lazima ziwe jirani pale duara la nje linapoishia na la ndani kuanza.

Onyo ambalo halina nafasi ya pili. Vifaa vingi vya kumbukumbu vya kijeshi vina mstari wa kufuta data yote, na kawaida amri yake ni kuugusisha ardhi tu. Mstari wa kuzuia kuandika nao mara nyingi hufanya kazi hivyo hivyo. Tundu usilolijua kwenye kisomaji usiliunganishe na ardhi "ili lisining'inie". Liache bila waya. Wanafunzi wa elektroniki hufundishwa kutoacha mlango wa kuingilia wazi, na ni fundisho zuri kwa saketi yako mwenyewe. Kwa katriji ya mtu mwingine linaweza kufuta kila kitu kwa sekunde chache.

## Hatua ya 2: Vaa kebo kabla ya kubana chochote

Pitisha kwenye kebo, kwa mpangilio huu: mrija wa lebo, mrija wa nje, bendi, kisha kofia ya nyuma, upande wenye nyuzi za skrubu ukitazama konekta. Kofia haipiti juu ya plagi iliyokamilika. Kuisahau ni kurudia waya 11.

## Hatua ya 3: Menya waya milimita 3.2

Kwa soketi ya 22D menya milimita 3.2. Ukimenya pungufu, nyuzi hazifiki kwenye tundu la ukaguzi, kitundu kidogo ubavuni mwa soketi. Ukizidisha, shaba inabaki wazi nyuma ya soketi.

Kagua kwa lenzi. Waya wa ndege wa AWG 24 na 22 kwa kawaida una nyuzi 19. Uzi mmoja ukikatika, kata ncha na uanze upya. Ndiyo sababu tulichukua sentimita 30 za ziada. Zungusha nyuzi kufuata msokoto wake wa asili, bila kuzikaza zaidi.

Pima pia unene wa nje wa kila waya. Mpira wa nyuma ya konekta unaziba waya wa milimita 0.76 hadi 1.37. Chini ya hapo maji ya mvua ya Januari yataingia. Juu ya hapo mpira utachanika.

## Hatua ya 4: Bana, kisha ujaribu kwa bidoni

Kwanza pima pensi: weka namba ya kichaguzi 4 na ingiza kipimo cha M22520/3-1 pensi ikiwa imefungwa. Upande wa kijani upite, upande wa nyekundu ukatae. Pensi isiyopita mtihani huu haibani kitu.

Funga pozishona. Bati lake lina jedwali la namba ya kichaguzi kwa kila AWG. AWG 24 na AWG 22 hazitumii namba moja, basi bana waya zote za saizi moja kabla ya kubadilisha.

Ingiza soketi, ingiza waya mpaka ugote, bonyeza mara moja mpaka pensi ijifungue yenyewe. Usibane mara ya pili juu ya alama za kwanza.

*Inavyoonekana ikifaulu:* shaba inaonekana ndani ya tundu la ukaguzi. Alama 8 zimekaa sawasawa kati ya tundu na mdomo wa nyuma. Kati ya plastiki ya waya na soketi kuna nafasi isiyozidi milimita 0.8, soketi imenyooka.

Kabla ya kugusa kebo yenyewe, bana soketi 3 za majaribio kwa AWG 24 na 2 kwa AWG 22. Shika soketi kwenye jiliwa lenye midomo laini, ning'iniza bidoni ya maji kwenye waya. Kiwango cha chini ni nyutoni 36 kwa AWG 24, karibu kilo 3.6, na nyutoni 53 kwa AWG 22, karibu kilo 5.4. Jaza bidoni mpaka mizani ionyeshe kilo 4 na kilo 6. Shusha polepole, bila kurusha. Waya ukichomoka mzima, mbano ni mdogo. Ukikatika kwenye mdomo wa soketi kabla ya uzito huo, mbano ni mkali au nyuzi zilijeruhiwa wakati wa kumenya.

## Hatua ya 5: Ingiza soketi mpaka zifunge

Lainisha mpira wa nyuma kwa tone la isopropili. Usitumie mafuta wala sabuni. Yanabaki na kukamata vumbi.

Laza waya ndani ya ncha ya kijani ya kijiti, ncha iguse bega la soketi, kisha sukuma ikiwa imenyooka kabisa. Utasikia au kuhisi mguto mdogo. Usizungushe kijiti, kukizungusha huvunja meno yanayoshika soketi, na tundu hilo limekufa. Anza na matundu ya katikati, maliza na ya pembeni.

Toa kijiti, vuta waya kwa vidole viwili kwa upole. Hii ni hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo chanzo cha katriji inayotoweka ukigusa kebo. Soketi ambayo haikufunga inakaa mahali pake bila kulalamika, inapita multimeta, kisha pini ya kisomaji inaisukuma nyuma milimita moja na mguso unakuwa wa bahati. Ukimaliza zote, tazama uso wa mbele kwa pembeni: soketi zote ziwe kina kimoja.

Kutoa soketi: ncha nyeupe, ile ile njia ya nyuma, sukuma mpaka igote, kisha vuta kijiti na waya pamoja.

Matundu 3 na 12 yapate soketi zisizo na waya, halafu kizibo, kichwa chake kinene kikibaki nje.

## Hatua ya 6: Jozi zibaki jozi

Etheneti ya megabiti 100 inatumia jozi mbili. Kwenye RJ45 ni 1 na 2, kisha 3 na 6. Si 3 na 4.

Kosa la kawaida zaidi linafanyika hivi. Kebo ina jozi ya chungwa na jozi ya kijani, kila moja ikiwa na mwenzake mweupe. Fundi anafungua msokoto, weupe wawili wanafanana, anawabadilisha. Upande wa pili anafanya kosa lile lile kwa kuwa ameandika ramani yake kutokana na upande wa kwanza. Sasa tundu 4 linafika 1, tundu 5 linafika 2, multimeta inalia vizuri kabisa. Lakini waya mbili zinazobeba wimbi moja hazijasokotwa pamoja tena. Kila moja imesokotwa na jirani wa wimbi jingine, na kelele ya kutuma inaingia kwenye kupokea. Taa inawaka, faili dogo linapita, faili kubwa linakwama.

Kinga ni kufunga jozi moja mwanzo hadi mwisho, pande zote mbili, kabla ya kufungua msokoto wa jozi ya pili. Funga uzi wa rangi kwenye kila jozi kabla ya kuimenya. Msokoto usifunguliwe zaidi ya milimita 13.

Kompyuta za sasa hugeuza kutuma na kupokea zenyewe. Visomaji vya zamani havifanyi hivyo. Taa isipowaka kabisa, jaribu kubadilisha jozi nzima kwa jozi nzima.

Kwa RS-422 tatizo ni herufi. Watengenezaji hawakubaliani A ni ipi na B ni ipi. Usiamini herufi, pima: mstari ukiwa umetulia, volti kati ya waya mbili za jozi ionyeshe ishara ile ile kwa anayetuma na kwa anayesubiriwa kupokea. Data ikifika kwenye skrini kama maandishi yasiyosomeka ilhali kasi ni sahihi, geuza waya mbili za jozi. Weka rezista ya omu 100 hadi 120 kwenye ncha ya kupokea, si zote mbili.

## Hatua ya 7: Wavu na kofia

Wavu wa nje ufunike mpaka kwenye kofia na ubanwe na bendi pande zote, digrii 360. Kuukusanya kuwa mkia mmoja wa waya kunafungua dirisha la kelele. Kaza kofia kwa zana ya mkanda au jiliwa la plastiki, kwa kipimo alichotoa mtengenezaji wa kofia. Meno ya chuma yanakwangua kadimiamu.

## Hatua ya 8: Vipimo, kwa mpangilio huu

Kabla ya kuanza, jikinge na umeme tuli. Kuanzia Mei hadi Septemba hewa ya Lubumbashi ni kavu, na sweta ya asubuhi inatosha kuua saketi ya kumbukumbu. Vaa mkanda wa mkononi wenye rezista ya megaomu 1. Nyumba nyingi hazina ardhi ya kweli kwenye soketi za ukuta. Ipime, na kama haipo, chimbia fimbo ya ardhi au angalau unganisha meza, kisomaji, kompyuta na mkanda kwenye nukta moja.

Mwendelezo: kila tundu hadi mwisho wake, huku msaidizi akitikisa kebo nyuma ya konekta. Kisha kila tundu dhidi ya matundu mengine yote na dhidi ya ganda.

Uhami: volti 500 za DC kwa kipima uhami (megger), si kwa multimeta, kebo ikiwa peke yake, haijachomekwa popote. Kebo kavu na safi ivuke megaomu 100 kwa mbali. Volti 500 zikifika ndani ya katriji, katriji imekwisha.

Umeme: fyuzi ya ampea 1, kikomo cha ugavi kwenye ampea 0.5. Washa kabla ya kuchomeka kisomaji, pima tundu 1 dhidi ya 2. Volti 28 na ishara sahihi, ndipo uzime na kuchomeka.

Kuchomeka: nyuzi za ganda la D38999 daraja la tatu zinamalizika kwa mzunguko mmoja. Mkanda mwekundu kwenye kisomaji ufunikwe wote. Ukionekana hata kidogo, haijafika.

Data: weka kwanza katriji ya majaribio. Nakili faili la gigabaiti 1 kwenda na kurudi, linganisha alama ya SHA-256 (namba inayobadilika faili likibadilika hata biti moja) ya pande zote mbili. Kwa megabiti 100 kila safari, ya kwenda au ya kurudi, haiwezi kuchukua chini ya sekunde 80. Dakika moja na nusu ni nzuri, dakika kumi ni jozi iliyotenganishwa. Soma pia hesabu ya makosa ya CRC (vifurushi vya data vilivyofika vimeharibika) ya kadi ya mtandao: ibaki sifuri. Rudia mara tatu huku kebo ikitikiswa.

Kompyuta na ugavi vyote viwe kwenye betri yenye inveta. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, jedwali la faili linaharibika hata kama kebo haina doa. Na katriji yenye data halisi inakiliwe yote kabla ya kuifungua, kwa hali ya kusoma tu.

## Baada ya hapo

Lebo iwe na namba ya konekta, tarehe na ramani ya matundu. Kifuniko cha vumbi kirudi kila unapochomoa. Vumbi jekundu la kiangazi linasaga dhahabu ya soketi.

Konekta hii imehesabiwa kuchomekwa mara 500. Kwa ateliye ya mafunzo inayochomeka mara 10 kwa siku, hizo ni siku 50 za kazi. Funga kebo ya pili fupi ya sentimita 20, plagi upande mmoja na kipokezi (mwenzake wa plagi, mwenye pini) upande wa pili, iache kwenye kisomaji daima, na wanafunzi wachomeke kwenye hiyo. Ikichoka unatupa sentimita 20, kisomaji kinabaki na pini zake.